Vigae vipya vya jikoni: kubandika juu ya vya zamani au kuvibandua kwanza

Wenye nyumba wengi hapa Nairobi huanza kwa kuuliza njia ipi ni nafuu. Mimi huanza na ukuta, kwa sababu kigae kipya hakiwezi kushika kuliko kile cha zamani kinachokibeba.

Hatua ya kwanza. Gonga kila kigae kwa mpini wa bisibisi, hasa nyuma ya sinki na jiko. Kinacholia kama debe tupu kimeachana na plasta, kitie alama. Vikiwa vichache, vitoe na uzibe mashimo kwa simenti na mchanga. Vikiwa vingi, au ukuta ukiwa na unyevu, bandua vyote, kwani hakuna gundi itakayoziba kosa hilo.

Hatua ya pili, ukuta ukiwa imara. Osha mafuta ya kupikia kwa maji moto na sabuni kali, suuza, kisha uache ukauke kabisa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa kuwa utando wa mafuta hauonekani kwa macho lakini huzuia gundi kushika. Baadaye kwaruza uso wote kwa grainda mpaka mng'ao uishe, ukiwa umevaa barakoa na miwani, maana vumbi hilo lina silika, yaani madini yaliyomo kwenye mchanga, inayodhuru mapafu.

Hatua ya tatu. Tumia gundi ambayo mfuko wake unaeleza kwamba inafaa kubandika kigae juu ya kigae. Simenti ya kawaida haifai, kwa sababu uso wa kigae haufyonzi maji. Paka gundi hiyo kwa mwiko wenye meno, uanzie chini na kupima kila safu kwa pimamaji. Ukuta utanenepa kwa milimita 10 hadi 15 hivi, kwa hiyo fundi wa umeme azime swichi kuu na kusogeza soketi mbele kwa skrubu ndefu.

Anayebandua afunge maji kwanza, kwani katika fleti nyingi mabomba yamezikwa ndani ya ukuta, na awaarifu majirani kuhusu kelele. Patasi iingie kwa mshazari kuanzia ukingoni. Plasta itang'oka pia; ipigwe upya na iachwe ikomae angalau wiki mbili kabla ya kubandika.

Kwa njia zote mbili, subiri saa 24 kabla ya kujaza grauti, yaani mchanganyiko wa kuziba mianya kati ya vigae, na mahali ukuta unapokutana na kaunta tumia silikoni, kwa sababu grauti hupasuka hapo na kupitisha maji.