Kukinga Bustani ya Nyumbani na Jalidi Njombe

Kati ya Juni na Agosti, mwenye bustani wa Njombe au Makete anapaswa kuhofia zaidi usiku usio na mawingu wala upepo, kwa kuwa joto la ardhi hupotea upesi na hewa baridi huteremka na kutuama mabondeni. Muulize jirani aliyelima hapo kwa muda mrefu ni wapi jalidi, yaani barafu nyembamba inayoganda juu ya mimea usiku wa baridi kali, huonekana kwanza, kisha nyanya, maharage na viazi uvipande mbali na hapo. Kabichi na sukuma wiki huvumilia zaidi.

Asubuhi mwagilia udongo hadi ulowe, kwani udongo wenye unyevu huhifadhi joto la jua kuliko ulio mkavu. Jua linapokaribia kuzama, simika vijiti na utandaze juu yake magunia au mashuka makuukuu yanayofika hadi chini, pasipo kugusa majani. Wengi hupendelea nailoni kwa sababu hupatikana kwa urahisi, lakini jani linaloigusa huungua kwa baridi. Ondoa kifuniko jua likishapanda.

Majani yaliyoungua yasikatwe mara moja, maana bado yanakinga machipukizi yaliyo chini yake.