Kufundisha Udhibiti wa HLA-DM na HLA-DO kwa Pingili ya Mwanzi

Wanafunzi wengi wa baiolojia hukariri kwamba protini ya HLA-DM huondoa CLIP, lakini ukiwauliza huiondoaje, hunyamaza. HLA ni protini za seli, na baadhi yake zina mfereji wa kubebea peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, ili kinga ya mwili ivione; CLIP ni kipande kinachokalia mfereji huo kabla ya peptidi nyingine. Kwa mwalimu aliyeko Iringa, ambako mwanzi wa ulanzi hautafutwi mbali, somo hili linaweza kuonyeshwa mezani.

Kata pingili mbili kavu, kwa kuwa mbichi hujikunja zikikauka. Ya kwanza ikate nje ya fundo zake mbili, ya pili ndani ya fundo, kisha uzipasue kwa urefu. Nusu ya pingili ya kwanza imezibwa ncha zote mbili na fundo: hiyo ni HLA ya daraja la kwanza, ambayo kwa kawaida hubeba peptidi za asidi amino 8 hadi 10. Nusu ya pingili ya pili iko wazi ncha zote, mithili ya HLA-DR ya daraja la pili, ambayo peptidi zake, kwa kawaida asidi amino 13 hadi 25, huning'inia nje.

Endelea na hiyo iliyo wazi. Gawa sakafu yake nafasi tisa, kisha kwa msumari wa moto chimba vishimo kwenye nafasi ya 1, 4, 6 na 9. Loweka maharage na choroko usiku kucha, uyatunge kwenye nyuzi mbalimbali; nyuzi hizo ndizo peptidi. Uzi wa maharage utakaa imara vishimoni. Ule wa choroko utalegea, nao ndio CLIP, kipande kinachobaki baada ya vimeng'enya vya endosomu, vifuko vichachu ndani ya seli, kukatakata mnyororo wa protini uliokuwa umeziba mfereji wa HLA-DR.

Sasa chukua kibanio cha nguo kuwa HLA-DM. Hapa nakusihi uwe mwangalifu, kwani mwaka wangu wa kwanza nilikitumia kung'oa uzi mzima, na darasa likaondoka likiamini kuwa DM huvuta peptidi kama mtu avutaye kamba ya kisima. Sivyo. Tikisa mwanzi taratibu hadi ncha ya uzi iliyo upande wa nafasi ya 1 iinuke yenyewe, ndipo ubane ukingo wa mwanzi hapo, ili ncha hiyo isirudi kishimoni. Choroko zitateleza na kutoka. Maharage, ambayo ncha yake huinuka kwa nadra, hayatakipa kibanio nafasi. Kwa namna hiyo DM huchuja peptidi, na huifanya kazi hiyo vizuri zaidi katika uchachu wa endosomu, karibu pH 5.

Kwa HLA-DO, protini inayoizuia DM, chonga kijiti chenye umbo la ukingo ule ule na ukiweke mdomoni mwa kibanio. Kibanio kimeshika kitu kinachofanana na DR, hivyo DR yenyewe haipati nafasi. Muundo uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha DO ikiigiza DR namna hiyo.

Weka mianzi kumi yenye choroko na vibanio vitano, vinne vikiwa na vijiti, kisha darasa lihesabu nyuzi za choroko zinazobaki baada ya dakika mbili za kutikisa. Rudia baada ya kutoa vijiti vitatu, kwa kuwa seli B, ambazo ni seli za kinga, zikiingia kwenye vituo vya kuzaliana ndani ya tezi za limfu, kiwango chake cha DO hushuka, na DM iliyokuwa imefungwa huachiwa.