Jinsi ya Kumpangia Mwongozaji Pepe Mahali pa Kusimama Mbele ya Wageni Wengi

Maelezo haya yanahusu chumba cha makumbusho ya uhalisia pepe nilichomsaidia mwenzangu kukijenga kwa Unity, programu ya kutengenezea michezo ya kompyuta, ambamo wageni kadhaa hukusanyika kuitazama siwa ya Pate, baragumu ya pembe za ndovu inayozidi urefu wa mita 2. Mwongozaji pepe ni mhusika wa kompyuta anayewaeleza wageni habari za siwa hiyo.

Hatua ya 1. Andaa chumba na uwaunganishe wageni kwenye seva moja. Seva peke yake ndiyo iamue mwongozaji asimame wapi.

Hatua ya 2. Panga nukta kama 12 kuizunguka siwa, yaani mahali mwongozaji anapoweza kusimama, na uzipange kwa mkono. Programu inaweza kuzizalisha yenyewe, lakini haijui kwamba siwa hupulizwa kwa tundu la ubavuni, na kwamba huko ndiko mwongozaji atakakoonyesha kwa kidole.

Hatua ya 3. Ipe kila nukta alama ya 0 hadi 1 kwa kila mgeni, kulingana na jinsi atakavyomwona mwongozaji akiwa hapo. Hapa usiharakishe. Wengi hutafuta kwanza wastani wa mahali wageni waliposimama; wageni wakiizunguka siwa pande zote, wastani huo huangukia ndani ya siwa yenyewe. Badala yake, piga mstari kutoka machoni pa kila mgeni hadi kifuani pa mwongozaji, ukague kama umekatwa na nguzo, na siwa, au na mgeni mwingine. Umbali uwe kati ya mita 1.2 na 3.6, ambao mwanaanthropolojia Edward T. Hall aliuita umbali wa kijamii. Mwongozaji akisogea karibu zaidi, watu hurudi nyuma ingawa wanajua kuwa ni picha. Pima pia pembe iliyopo kati ya siwa na mwongozaji kwa mtazamo wa mgeni: miwani mingi ya uhalisia pepe huonyesha takriban nyuzi 100 tu, kwa hiyo pembe ikizidi 45 mgeni hulazimika kuchagua atazame kipi.

Kisha ihukumu nukta kwa alama yake ya chini kabisa, wala si kwa wastani. Nukta yenye alama za 0.9, 0.9 na 0.1 ina wastani mkubwa kuliko yenye 0.6 kwa wote watatu, lakini inamwacha mgeni mmoja akisikiliza sauti inayotoka nyuma ya nguzo, naye amekuja kujifunza kama wenzake.

Hatua ya 4. Mwongozaji ahame pale tu nukta mpya inapoishinda ya zamani kwa sekunde 2 mfululizo, na baada ya kumaliza sentensi. Atembee, kutoweka hapa na kuibuka pale huwashtua watu.

Hatua ya 5. Jaribu na watu halisi, mmoja wao akiwa ameketi kitini. Macho yake yako chini, hivyo mabega ya waliosimama huukata mstari wake. Asipomwona mwongozaji, ongeza nukta upande wake kabla ya kugusa hesabu.