Jinsi ya kujichambua mafungu matano ukiwa ndani ya hiace

Umetoka Moshi mjini unakwenda Marangu. Himo mmeshaipita na konda bado kaikalia chenji yako ya elfu tano. Damu inachemka. Anzia hapo hapo, maana mtu akikasirika ndipo hujiona kitu kimoja kizima: mimi. Buddha alifundisha kwamba hicho tunachokiita mimi ni mafungu matano yaliyokaa pamoja, kama mafungu ya nyanya zangu pale soko la Mbuyuni. (Mimi Mlutheri na kwaya naimba. Zoezi hili halijawahi kunidai nibadili dini.)

Tanguliza mwili, kwa Kipali, lugha ya maandiko ya Kibuddha, rupa. Masikio yamepata moto? Meno yameumana? Taja tu, sababu ziache.

Kisha vedana, na hapa usiwe na pupa. Vedana si hasira. Ni ule utamu au uchungu mtupu unaofika kabla hujapata neno la kusema, na zipo aina tatu tu: tamu, chungu, na isiyo tamu wala chungu. Ukiuwahi uchungu ungali uchungu tu, unakaa kwenye siti yako kwa amani. Ukichelewa kidogo umeshageuka matusi.

Sanna ni kule kutambua: huyu konda, hii dharau. Sankhara ni hasira yenyewe, mazoea yako, na yale maneno unayoyapanga umpe ukishuka. Nia nayo imo humu. Vinyana ni kule kujua kunakopitia milango sita: macho, masikio, pua, ulimi, mwili na akili.

Sasa pima fungu moja moja. Kipimo hiki Buddha aliwapa watawa wake watano wa kwanza kule Isipatana, karibu na Varanasi, India: kingekuwa wewe kweli, kingekutii. Haya, yaamuru masikio yapoe. Uamuru uchungu uwe mtamu. Umegoma? Basi usiseme huyo ndiye mimi.

Utauliza, nani sasa anayeangalia? Wengi hukwama hapo. Huko kuangalia nako kutie kwenye fungu la tano, uendelee. Ila usikimbilie kusema "kumbe sipo". Mtawa mmoja mzururaji, Vacchagotta, alimuuliza Buddha kama nafsi ipo, Buddha akanyamaza. Akamuuliza kama haipo, akanyamaza vilevile.

Chenji udai, hakuna fungu linalokukataza. Na ukiwa mgeni wa zoezi hili usilipeleke msibani. Lifanyie kwa konda, kwenye foleni ya maji, au kwa mteja anayebonyeza nyanya zote halafu hanunui.