Rufaa ya jinai iliyochelewa: namna ya kuandaa maombi ya kuongezewa muda

Anayetaka kupinga hukumu ya Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi mbele ya Mahakama Kuu ya Tanzania hutakiwa kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha kuwasilisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Siku za kungoja nakala ya mwenendo (kumbukumbu za shauri) na hukumu hazihesabiwi katika hizo 45. Muda ukipita, Mahakama Kuu bado inaweza kuipokea rufaa, mradi aonyeshe sababu ya msingi.

Hatua ya 1. Angalia ulichelewa wapi. Kama hata taarifa ya kusudio haikutolewa, omba muda wa vyote viwili, taarifa na rufaa. Ukipewa muda wa rufaa peke yake, rufaa hiyo itaondolewa kwa kukosa taarifa.

Hatua ya 2. Kusanya karatasi kabla ya kuandika neno lolote: barua ya kuomba nakala, nakala yenye muhuri na tarehe, na amri ya kuondolewa rufaa ya awali kama ipo. Mfungwa aombe ofisi ya mkuu wa gereza kumbukumbu za kuhamishwa kwake na za nyaraka alizozikabidhi.

Hatua ya 3. Andika kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoapa kuwa ni ya kweli. Hapa ndipo maombi mengi hufia. Mahakama inataka kila siku ya kuchelewa ielezwe, hata ikiwa moja. Kwa hiyo panga tarehe kwa mfululizo tangu hukumu hadi siku ya kuwasilisha maombi, na kila pengo liwe na maelezo na kielelezo. “Nilikuwa mgonjwa” haitoshi. Sema lini hadi lini, ulitibiwa wapi, na uambatishe cheti. Ukisema askari magereza alichelewa kupeleka hati zako, tafuta kiapo chake, maana maneno yake kinywani mwako ni tetesi tu. Hoja za kisheria usiziweke kwenye kiapo. Zisubiri siku ya kusikilizwa. Na tafadhali, kutojua sheria si sababu.

Hatua ya 4. Kama hukumu ina kasoro ya kisheria, nayo inaweza kuwa sababu ya kuongezewa muda: itaje tu kwenye kiapo, bila kuijengea hoja. Katika shauri la Lyamuya Construction (maombi namba 2 ya 2010), Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba kasoro hiyo lazima ionekane wazi kwenye kumbukumbu, bila kuhitaji mabishano marefu. Mshtakiwa kunyimwa haki ya kujitetea ni mfano mzuri. Kwamba hakimu aliwaamini mashahidi wasioaminika, hilo ni la kwenye rufaa.

Hatua ya 5. Wasilisha hati ya maombi pamoja na kiapo, na upande wa Jamhuri upewe nakala. Siku zilizofafanuliwa vizuri mara nyingi humfanya Wakili wa Serikali asipinge. Ukikubaliwa, soma amri siku hiyohiyo uone umepewa siku ngapi na zinaanza lini. Zikikupita hizo, utalazimika kuomba upya, na safari hii maelezo yako yatatazamwa kwa ukali zaidi.