Kabla ya Kujenga Banda la Kuku Uani: Mwongozo kwa Wakazi wa Arusha na Moshi

Mkazi wa mjini anayetaka kufuga kuku kwa kawaida huanza na fundi, mabati na vifaranga, na suala la ruhusa hulikumbuka siku afisa afya anapobisha hodi getini. Utaratibu ulio salama ni kuanza na ruhusa, kwa sababu masharti yanayomgusa mfugaji wa mjini hayakai katika sheria moja: mengine yamo katika sheria ndogo za halmashauri, mengine katika mipango miji, na mengine katika sheria za afya na za magonjwa ya mifugo.

Jambo la kwanza ni kujua kwa uhakika uko chini ya halmashauri ipi, na hapa watu wengi huteleza, kwa kuwa mji unaouona kwa macho si lazima uishie ulipo mpaka wa kiutawala. Mkazi wa Ilboru au Kiranyi hujiita mtu wa Arusha mjini na dukani kwake ni mjini, lakini kata hizo zimo katika Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, si Jiji. Usa River iko Meru. Vivyo hivyo Pasua ni Manispaa ya Moshi, ilhali Mabogini, iliyopakana nayo, ni Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa kila halmashauri hutunga sheria ndogo zake kwa mamlaka iliyopewa na sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, ile ya Mamlaka za Miji na ile ya Mamlaka za Wilaya, kwa hiyo ruhusa aliyopata shemeji yako ng'ambo ya barabara haikusaidii wewe. Mtendaji wa mtaa au wa kijiji atakuambia halmashauri yako bila gharama yoyote.

Ukishaijua, omba kusoma sheria ndogo yenyewe katika ofisi ya mwanasheria wa halmashauri au kwa mtendaji wa kata, na usitosheke na maelezo ya mdomo, hata yakitoka kwa mwenyekiti wa mtaa unayemheshimu. Uliza sheria ndogo za usafi wa mazingira pamoja na zile za udhibiti wa mifugo, maana mara nyingi kuku huguswa na zote mbili. Anza na kifungu cha tafsiri, uone kama neno “mifugo” linajumuisha ndege wafugwao au linaishia kwa ng'ombe, mbuzi na wenzao. Kisha tafuta kama kibali kinahitajika, idadi inayoruhusiwa ikiwa imetajwa, umbali kati ya banda na nyumba au mpaka wa kiwanja, katazo la kuachia mifugo izurure, ada, na adhabu. Kwa anayefuga kuku wa kienyeji, katazo la kuzurura ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa kuku hao wamezoea kujitafutia, na jirani hakerwi sana na kuku uliowafungia kama anavyokerwa na wale wanaochakura bustani yake ya mchicha.

Baada ya hapo angalia kiwanja chako. Hati inaeleza matumizi yaliyokubaliwa, na chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 matumizi hayo hayabadilishwi bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Kuku wachache wa mayai ya nyumbani ni sehemu ya maisha ya kaya, lakini mia tano wa nyama wanaopakiwa kwenye pikipiki kila baada ya wiki kadhaa ni biashara, ambayo huenda ikadai leseni, na afisa mipango miji ana haki ya kuhoji inafanywaje katika kiwanja cha makazi. Banda la tofali ni jengo kama majengo mengine, hivyo uliza kuhusu kibali cha ujenzi kabla ya kuchimba msingi. Mpangaji naye apate ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi.

Panapohitajika kibali, andika barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri ukiipitisha kwa mtendaji wa mtaa na wa kata. Taja aina ya kuku, idadi ya juu kabisa utakayofikia, mahali banda litakapokaa, na namna utakavyoondoa kinyesi. Ambatisha mchoro wa kiwanja, hata wa mkono, unaoonyesha nyumba za majirani. Mwombe afisa mifugo wa kata aje aone eneo kabla ya ujenzi, kwani kuhamisha banda kwenye karatasi ni rahisi.

Kwa maoni yangu, hata mwenye kibali mkononi hupoteza amani kwa sababu ya harufu kuliko jambo jingine lolote. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maofisa afya nguvu ya kushughulikia kero, na harufu ya banda hutokana hasa na maranda ya mbao yanayotandazwa sakafuni yakilowa, ambamo kinyesi hutoa amonia. Ndiyo maana malalamiko huongezeka wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na katika joto la Moshi harufu husambaa haraka zaidi. Inua sakafu, refusha paa lizuie mvua ya upepo, ning'iniza vyombo vya maji ili visimwagike, na usizidishe kuku kumi wa nyama au watano hadi sita wa mayai kwa mita moja ya mraba. Maranda yaliyolowa yaondolewe siku hiyohiyo. Mbolea ihifadhiwe mahali pakavu palipofunikwa mpaka wenye migomba waichukue, na maji ya kuoshea banda yasielekezwe kwenye mfereji unaopita kwa wengine. Kuhusu kelele, kumbuka kwamba kuku jike hutaga bila jogoo. Asiyetaka kutotolesha hana sababu ya kumweka mwimbaji wa alfajiri.

Magonjwa nayo yana sheria yake, ya mwaka 2003, inayomtaka mfugaji atoe taarifa anapoona dalili za ugonjwa wa mlipuko. Kuku wakifa kwa mfululizo, mwite afisa mifugo, wala usiwauze waliobaki kwa haraka. Chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) aina ya I-2 hutolewa kwa tone la jicho na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Tunza kumbukumbu zake pamoja na kibali. Mizoga izikwe kwenye shimo refu au ichomwe, isitupwe kwenye kizimba cha taka.

Jirani akilalamika, mwonyeshe banda kwanza, kisha mkubaliane mbele ya mwenyekiti wa mtaa na muandike mlichokubaliana. Ikija ilani ya afisa afya, soma muda uliotolewa, rekebisha kilichotajwa, na ujibu kwa barua kabla muda huo haujaisha, ukibaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.