Namna ya Kuendesha Ajaili kwa Timu Zilizotawanyika: Fumba, Bengaluru na Berlin

Mwongozo huu ni kwa wataalamu wa programu wa Unguja na Pemba walioajiriwa na kampuni kubwa ambazo watu wake wametawanyika nchi mbalimbali. Nitatumia mfano mmoja wa kubuni: kampuni yenye timu Fumba kisiwani Unguja, Bengaluru nchini India na Berlin nchini Ujerumani, zote zikijenga mfumo mmoja wa kuuza tiketi za boti na vyumba vya hoteli. Ajaili (Agile) ni namna ya kutengeneza programu kwa vipande vidogo vidogo, huku mipango ikirekebishwa kila mara. Ilani yake, iliyoandikwa na watu 17 huko Utah, Marekani, mwaka 2001, inafuatana na kanuni 12, na mojawapo inasema kuwa njia bora ya kupashana habari ndani ya timu ni mazungumzo ya ana kwa ana. Nafasi hiyo sisi hatunayo. Kwa hiyo hatua zote zifuatazo zinalenga kupunguza haja ya kuzungumza baina ya miji, na kuyapa uzito mazungumzo machache yatakayobaki.

Hatua ya 1: Gawa kazi kabla ya kupanga mikutano

Hapa ndipo miradi mingi huharibikia. Kampuni huweka usanifu Berlin, uandishi wa msimbo (code) Bengaluru na majaribio Fumba, kisha hushangaa kuona badiliko dogo la bei ya tiketi likichukua wiki nzima. Swali linaloulizwa jioni hujibiwa kesho yake, jibu huzaa swali jingine, na kila kazi hulazimika kupita mikono mitatu kabla ya kumfikia abiria. Mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba mfumo huchukua sura ya mawasiliano ya shirika lililousanifu; basi tengeneza kwanza timu zenye sura ya mfumo unaoutaka. Ipe Fumba uuzaji wa tiketi wote, kuanzia skrini ya mteja hadi hifadhidata na majaribio yake. Bengaluru ichukue malipo, na Berlin vyumba vya hoteli. Kila timu isizidi watu 10, kama mwongozo wa Skramu (Scrum, mojawapo ya mbinu za ajaili) wa mwaka 2020 unavyopendekeza.

Pale sehemu mbili zinapokutana, andikeni mkataba wa data: tiketi hupeleka nini kwenye malipo, hurudishiwa nini, na hufanya nini malipo yakikwama. Mkataba huo ulindwe na majaribio ya kiotomatiki, ili anayeuvunja aambiwe na kompyuta dakika ileile badala ya kuambiwa na mwenzake kesho. Wakuu watasema kuwa Fumba haina msanifu. Jibu langu ni kwamba kumfundisha au kumwajiri mmoja ni gharama ndogo kuliko kusubiri Berlin kila siku kwa miaka.

Hatua ya 2: Orodha moja, msemaji mmoja

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Bidhaa nzima iwe na mmiliki mmoja na orodha moja ya kazi zilizopangwa kwa umuhimu, na timu zote zichukue kazi humo. Ofisi inayoweka orodha yake ya pembeni imeshaanza mradi wake.

Hatua ya 3: Panga saa kwa uangalifu

Kila timu ifanye mkutano wake wa kila siku, usiozidi dakika 15, kwa saa za kwao. Wawakilishi wa timu wakutane mara chache kwa wiki, saa tano asubuhi ya Zanzibar, ambapo Bengaluru ni saa saba na nusu mchana na Berlin ni saa tatu asubuhi wakati wa baridi. Hapo sala ya adhuhuri haijaingia, hata siku ya Ijumaa. Wajerumani husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, hivyo uufunge mkutano kwenye saa za Zanzibar. Katika mwaliko andika 11:00 pamoja na UTC+3 (yaani saa tatu mbele ya saa za kimataifa), kwa sababu ukiandika "saa 5" mgeni atafika alfajiri au jioni.

Hatua ya 4: Uamuzi usioandikwa haupo

Ofisi ambayo watu wake wanaelewana kwa Kiswahili ina jaribu lake: jambo huamuliwa kwenye kahawa, na Bengaluru huligundua ndani ya msimbo. Kila uamuzi uandikwe siku ileile, mahali pamoja na kwa lugha ya kazi ya kampuni: nini kimeamuliwa, njia gani ziliachwa na kwa nini. Mei 2024, hitilafu za nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipodhoofisha intaneti Afrika Mashariki, ilionekana wazi kwamba timu isiyoweza kufanya kazi bila simu ya video haiwezi kufanya kazi. Kwa Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, kila mtu ana nakala kamili ya msimbo na historia yake. Maelezo ya uamuzi nayo yakae humo.

Hatua ya 5: Unganisheni msimbo kila siku

Mabadiliko yawe madogo, yakaguliwe na mwenzako wa timu hiyohiyo, na yaingie kwenye tawi kuu, yaani msimbo wa pamoja wa timu zote, kabla ya jioni. Majaribio yakishindwa, aliyeyavunja arekebishe au arudishe msimbo wa awali kabla ya kuondoka. Bengaluru hufunga kazi ilhali kwetu ni alasiri tu, na Berlin bado ina nusu siku.

Hatua ya 6: Kalenda na safari

Kabla ya kila sprinti (kipindi kifupi cha kazi) ya wiki mbili, hesabuni siku halisi za kazi. Wenzetu wa mbali hawaijui tarehe 12 Januari, na Idi hutegemea kuandama kwa mwezi; mwezi wa Ramadhani punguzeni ahadi mapema badala ya kuomba radhi baadaye. Safari nazo zipangwe: wawakilishi wa timu zote wakae pamoja katika sprinti ya kwanza, wakati mipaka ya mfumo inachorwa. Fedha za safari hizo ziombwe bajeti ya mwaka inapoandaliwa, maana zikiombwa katikati ya mradi aghalabu hazipatikani.